Kikombe Kilichopikwa Mara Mbili

Mume wangu na mimi tulikuwa wamiminaji wa vikombe. Kazi hiyo watu wengi hawaijui, hata wale wanaokunywa chai asubuhi na jioni, kwa hiyo nitaieleza kwanza. Kikombe cha kiwandani hakifinyangwi kwa mkono kama chungu. Udongo unakorogwa na maji mpaka uwe uji. Uji unamiminwa ndani ya kalibu ya plasta, plasta inafyonza maji, na baada ya muda ukuta mwembamba wa udongo unaganda upande wa ndani. Unamwaga uji uliobaki, unasubiri, unafungua kalibu, unakuta kikombe. Kina mshono ubavuni, pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Mshono unauondoa kwa kisu na sifongo kabla kikombe hakijaingia tanuruni. Kikishapikwa, umechelewa.

Niliifanya kazi hiyo miaka tisa na mikono yangu mpaka leo ni mikavu kuliko ya wenzangu wa rika langu waliolima.

Jambo gumu lilikuwa moja tu, nalo ni dawa. Udongo na maji peke yake hautiririki vizuri. Ukiongeza maji utatiririka, lakini plasta italowa na kikombe kitapasuka. Kwa hiyo inatiwa dawa, nzito kama asali, iliyokuwa ikija kwa madumu kutoka Dar es Salaam. Dawa kidogo inalegeza pipa zima bila kuongeza maji. Ikipungua, uji unabaki mzito na vikombe vinatoka na mashimo. Ikizidi, uji unaganda upya na kikombe kinang'ang'ania kalibu, ukivuta unabaki na kishikio mkononi. Kipimo hakikuandikwa popote. Fundi wa kwanza aliyetufundisha alikuwa akipima kwa kuangalia, na alipohama akahama na macho yake.

Mume wangu hakuwa na macho kama yale. Alikuwa na kikombe. Kilitoka katika tanuru ya kwanza kabisa tuliyopika, na kwa makosa kikarudishwa katika tanuru ya pili pamoja na vibichi. Kupikwa mara mbili kulikifanya kisinyae na kuinama upande, na hakuna aliyekumbuka kukifuta mshono. Kilikuwa hakifai kuuzwa wala kupewa mtu. Yeye akakichukua akaanza kupimia dawa, akijaribu kwa wiki kadhaa, mpaka akapata: vikombe vitatu kwa pipa moja. Kwa kuwa kilisinyaa kwa namna yake, hapakuwa na kikombe kingine duniani cha ujazo ule. Alikitia mfukoni kila jioni akaondoka nacho. Watu wa karakana walidhani ni kikombe chake cha chai na kwamba ana kinyaa cha kuchangia. Hakuwahi kuwasahihisha.

Mimi nilijua, kwa sababu nilikaa meza ya pili nikimtazama, na kwa sababu nilikuwa mke wake.

Karakana ilikuwa nje kidogo ya Kibiti. Serikali iliijenga kwa ajili ya vikombe na mabakuli ya shule na hospitali, na tulikuwa watu kumi na watatu. Siku za kazi tulilala katika chumba cha kupanga pale Kibiti, na Jumamosi mchana tulirudi kwetu Mtunda kwa baiskeli, yeye akiendesha, mimi nyuma nimeshika mfuko. Miaka ya ruksa ilipofika, bidhaa za nje zikaruhusiwa, na maduka ya Ikwiriri yakajaa vikombe vya plastiki vya rangi ambazo hatukuwa tumeziona kwenye vyombo. Shule zikaacha kuagiza vyetu. Karakana ikauzwa.

Mnunuzi alikuwa mtu mpole kutoka mjini. Nilitazamia mtu wa kufoka na nilijiandaa kumchukia, lakini alituamkia mmoja mmoja na alikuwa amevaa kandambili. Alituweka uwanjani akatuambia kuna mashine inakuja. Mashine itasukuma uji kwenye kalibu kwa nguvu ya hewa, itafungua kalibu yenyewe, na itafanya kwa asubuhi moja kazi yetu ya wiki. Watu saba watabaki kwenye tanuru, kupaka rangi na kufungasha. Wamiminaji wote wataondoka, isipokuwa mmoja wa kusimamia uji.

"Mmoja anayeujua uji," alisema. "Mmoja anatosha."

Wamiminaji tulikuwa watano, lakini wenzetu watatu hawakujisumbua kunyoosha shingo. Wote walitutazama sisi wawili.

Jumamosi ile, njiani, nilimwambia, "Utabaki wewe."

"Au wewe," alisema.

Aliendesha bila kupumzika mpaka Mtunda, na pale si karibu.

Jumatatu alipokoroga pipa alinigeuzia mgongo. Kwa miaka yote alikuwa akipima dawa akiwa amenikabili, akihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kama anayenihesabia mimi. Siku ile alisimama kati yangu na pipa na akahesabu kimoyomoyo. Nilikuwa nakijua kikombe na nilikuwa naijua hesabu, kwa hiyo hakuficha kitu. Lakini aligeuka. Wiki nzima aligeuka. Nilimwona akitoka hata kwenda kunawa na kikombe mfukoni.

Sikumuuliza. Wiki iliyofuata alipata homa, tukarudi Mtunda katikati ya wiki, na siku ya nne akafariki.

Yeye kwao ni Maparoni, kwenye delta, na ndugu zake walifika baada ya mazishi, kwa mtumbwi na kisha kwa lori. Aliyebaki nami baada ya matanga ni dada yake, wifi yangu, aliyekuja na gunia la mchele na mdomo. Alisema amekuja kukaa eda pamoja nami mpaka mwisho, miezi minne na siku kumi, ili nisije nikatoka. Sikuwa na mahali pa kwenda, lakini sikubishana naye.

Kwetu kuna desturi ya kuweka chombo cha marehemu kichwani mwa kaburi, sahani yake au kikombe chake, kitobolewe ili asipatikane mwizi wa kukitamani. Shehe alisema si sunna. Tulimsikiliza, tukamshukuru, tukaendelea. Siku ya tatu wifi alisimama katikati ya chumba changu mikono kiunoni.

"Wifi, chombo chake kipi?"

Pale rafuni palikuwa na sahani ya bati aliyokuwa akitumia tangu tulipooana. Palikuwa na bakuli lake la uji wa Ramadhani. Na ndani ya mfuko wa shati lake la kazi, lililokuwa limetundikwa msumarini, kilikuwepo kikombe.

"Hicho hapo," nilisema, nikaonyesha shati.

Nataka niseme hili wazi kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Sikuchanganyikiwa na msiba. Nilijua kile ni kitu gani na karakana itakuwa vipi bila hicho. Nilikumbuka mgongo wake. Nikasema moyoni, basi kaa nacho.

Wifi akakichukua akakipeleka kwa wanaume. Walikitoboa tundu dogo ubavuni kwa msumari, karibu na kitako, wakatengeneza kijiwe cha saruji kichwani mwa kaburi na kukipachika kitako humo, tundu likabaki nje, mdomo juu. Wifi alirudi ameridhika.

"Kimekaa vizuri," alisema. "Kimeinama kidogo."

"Ndivyo kilivyo," nilisema.

Mashine ilifika mwezi wa pili wa eda. Habari nilizipata kwa msimamizi wa karakana, mtu wa bara, Mlutheri, aliyekuwa rafiki wa mume wangu na kwa hiyo akiniita shemeji. Alikuja kwa pikipiki ya karakana. Kwa kuwa nilikuwa edani hakuweza kuingia, hivyo alikaa kwenye mkeka barazani, mimi nikakaa ndani nyuma ya pazia la mlango, na wifi akakaa kizingitini akihakikisha kwamba maneno yanapita kwake.

"Mwambie shemeji nampa pole."

"Anakupa pole," alisema wifi.

"Nimesikia. Nimepoa."

"Amesikia. Amepoa."

"Dada, namsikia," msimamizi alisema.

"Basi msikie, lakini mimi nitasema."

Alieleza kwamba mashine ni nzuri. Imefungwa, jenereta inanguruma, na mtaalamu wa mashine amekuja nayo. Tatizo ni uji. Walikuwa wamejaribu dawa kwa kila kipimo walichofikiria, na vikombe vinatoka na matundu au havitoki kabisa. Walikuwa wamefungua kalibu kwa patasi.

"Mwulize kama marehemu alimwachia kipimo."

"Uliachiwa kipimo?"

"Hapana," nilisema. "Sijui."

Huo ulikuwa uongo. Wifi aliupitisha barazani bila kuugusa. "Hajui," alisema. "Na kama angejua, haendi popote. Yuko eda. Huko kwenu bara hamna eda?"

"Kuna maombolezo, dada."

"Siku ngapi?"

"Inategemea."

"Inategemea!" Wifi alinigeukia. "Umesikia? Mtu anakufa, inategemea."

Msimamizi aliaga. Pikipiki iligoma kuwaka na ilibidi wifi aisukume, jambo alilolilalamikia mpaka alasiri.

Baada ya hapo nilikuwa na muda wa kufikiri kuliko nilioutaka. Edani hakuna kazi. Nilichambua mchele wa Maparoni mpaka hapakuwa na la kuchambua. Nilifikiri hivi: nikinyamaza mpaka eda iishe, wataendelea kushindwa, na nikitoka nitakuta wananisubiri. Yule mmoja atakuwa mimi. Hilo lilinipa furaha, sitakataa. Nilikuwa mjane, sikuwa na mtoto, sikuwa na shamba lenye jina langu, na darasa langu ni la saba. Kilichoniweka tofauti na wanawake wengine wa Mtunda ni kwamba nilijua vikombe vitatu, na vya kikombe kipi.

Baada ya wiki mbili pikipiki ilirudi. Safari hii msimamizi hakuketi vizuri hata wifi akaanza kunung'unika.

"Mwambie kwamba mwenye karakana amechoka," msimamizi alisema. "Anatupa wiki moja. Uji usipokubali, ataleta unga wa udongo uliokwisha kuchanganywa kutoka nje, unatiwa maji tu, na vijana wawili wa mjini wanaoujua. Udongo wetu hataki tena. Wale saba wanaondoka wote, na mimi wa nane."

Wifi hakurudia. Nadhani ni kwa sababu ilikuwa ndefu.

"Shemeji," msimamizi akaniita moja kwa moja kupitia pazia, "siku mbili tu. Ningekuja na gari, ujifunike, ukae hata ndani ya gari, uniambie weka hivi, weka vile. Nafasi yenyewe ni yako, amesema."

"Mwanamke wa edani kwenye gari la kiwanda!" wifi alisema. "Na kaka yangu hajamaliza hata miezi miwili! Ondoka, bwana. Panda pikipiki yako. Leo sisukumi."

"Dada, mimi naomba tu."

"Unaomba? Hapa si kanisani."

Msimamizi alikuwa amesimama. Nilisikia viatu vyake kwenye changarawe. Wale saba niliwajua. Mmoja alikuwa mama wa kupaka rangi ambaye mkono wake mmoja ulikuwa umepooza kidogo, na hakuna mahali pengine ambapo angeajiriwa kupaka mstari wa buluu. Sisemi kwamba nilifanya kwa ajili yake. Nilikuwa nimemfikiria pia wiki mbili zilizopita na nikanyamaza. Siku ile kilichonitoa ni kitu kingine, kidogo. Msimamizi, akiwa ameshika pikipiki, alisema peke yake, si kwangu wala kwa wifi, "Na ile namna yake ya kuhesabu kwa sauti. Tungesikiliza tu."

Kwa hiyo kulikuwa na mtu mwingine aliyemsikia akihesabu. Sikuwa nimejua.

"Ni kikombe chake," nilisema.

"Anasema ni kikombe chake," alisema wifi, kisha akageuka. "Kikombe kipi?"

"Kile kilichoinama. Vikombe vitatu kwa pipa. Hakikuwa cha chai. Kilikuwa cha kupimia dawa."

Jirani alikuwa akitwanga, na niliusikia mchi wake ukikosa pigo moja.

"Ya Rabi," alisema wifi. "Tumemwekea kaka yangu kopo la dawa."

"Kilikuwa chake, wifi."

"Kopo la dawa! Kichwani! Watu wanapita wanasoma dua!" Alishika kichwa chake kwa mikono miwili. "Na wewe ulikuwa hapo. Nilikuuliza chombo chake kipi, ukaniambia hicho hapo."

"Ndiyo."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Alinitazama kupitia upenyo wa pazia. Nilidhani atanitukana, na ningekubali. Aliuliza tu, "Mligombana?"

"Hatukugombana. Alinigeuzia mgongo."

"Kaka yangu ndivyo alivyo," alisema. "Hata samaki alikuwa anakula ametupa mgongo, tusimwombe." Akakaa chini kizingitini.

Msimamizi alikuwa amerudi kwenye mkeka bila kukaribishwa. Alisema basi kitachukuliwa, kitatumika siku moja, kitarudishwa, saruji mpya atanunua yeye.

"Hakitolewi," nilisema.

"Shemeji, kitarudi kama kilivyo."

"Kimepachikwa. Mkikigonga kitapasuka, ni kikombe kilichopikwa mara mbili. Na hata kisipopasuka, hakitolewi. Nimempa."

Hilo ndilo sharti pekee nililotoa. Sikusema nafasi yangu itunzwe. Ningeweza kusema, na msimamizi angekubali kwa sababu alikuwa tayari kukubali lolote. Sikukumbuka. Watu wakiniuliza siku hizi kwa nini sikudai, nashindwa kuwafanya waamini kwamba sikukumbuka tu.

Namna ya kupima ilitoka kwa wifi. Maji yasingekaa kwa sababu ya tundu, yangevuja hata likizibwa kwa kidole, na msimamizi aliposema mchanga, wifi alimuuliza kama anataka kutoka makaburini na mchanga mfukoni.

"Mchele," alisema wifi. "Mchele wa kwao. Huo hautamkera."

Msimamizi alikwenda zahanati akamwomba muuguzi chupa ya mtoto, ile yenye alama ubavuni. Wakaenda makaburini wawili, mimi nikabaki. Kwa hiyo yaliyotokea huko nayajua kwa kusimuliwa, na nimesimuliwa mara mbili. Msimamizi alisema kila kitu kilikwenda kwa heshima. Wifi alisema alilazimika kumwambia avue viatu, kwamba alivua na soksi pia, akawa anakanyaga miiba na kuruka kama kuku. Kwamba aliziba tundu kwa kidole gumba, yeye wifi akajaza mchele mpaka mdomoni, akasawazisha kwa kiganja, kisha wakauchota wote punje kwa punje kwenye chupa. Kwamba msimamizi kabla ya kuanza alisimama akainamisha kichwa.

"Aliomba kikwao," alisema wifi. "Nikamwachia. Nilikuwa nasoma kikwetu, tukamaliza pamoja."

Mchele ulisimama juu kidogo ya alama ya mililita mia na sitini. Msimamizi akaandika kwenye karatasi, akazidisha mara tatu, akaondoka. Wifi akarudi na mchele umefungwa kwenye pembe ya kanga. Hakutaka kuurudisha guniani kwa sababu ulikotoka, na hakutaka kuumwaga kwa sababu ni chakula. Mwishowe aliupika na kitoweo cha dagaa, tukala sisi wawili. Hakusema neno wakati wa kula, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla yake wala baada yake.

Uji ulikubali. Nilipata habari siku ya pili yake: mashine ilikuwa imetoa vikombe mpaka rafu za kukaushia hazikutosha.

Eda ilipoisha, wifi alinisindikiza katika kuoga na kubadili nguo, akafunga mizigo yake. Nilikwenda karakana kwanza, ni lazima niseme hivyo. Kaburini nilikuwa sijafika bado.

Karatasi ilikuwa imebandikwa ukutani juu ya mashine, kwa gundi, ndani ya plastiki. Ilisema kiasi cha dawa kwa pipa, kwa mwandiko wa msimamizi. Chini yake alikuwa amesimama msichana aliyekuwa zamani akifungasha, na alikuwa akisoma karatasi na kumimina. Hiyo ndiyo nafasi ya yule mmoja. Wakati niko edani kazi ilihitaji mtu, na kwa kuwa kipimo kilikuwa ukutani, mtu yeyote alifaa.

Msimamizi alishindwa kunitazama. "Shemeji, kuna kazi ya sifongo. Mashine nayo inaacha mshono."

Nikachukua sifongo.

Wengi hupenda niseme kwamba mashine ilikuwa mbovu, kwamba vikombe vyake havikuwa na roho, na maneno ya namna hiyo. Ilikuwa nzuri. Ukuta wa kikombe ulikuwa sawa pande zote, ambao mimi kwa miaka tisa niliupata siku chache. Haikuchoka baada ya chakula cha mchana. Nilikaa pembeni yake nikifuta mishono na nilikuwa naitazama kama mtu anavyomtazama fundi anayemzidi. Ilikuwa na kelele tu, na jenereta ilipokosa mafuta sote tulikaa kimya tukijitazama, mashine nayo.

Mvua za masika zilipoanza, uji ukaharibika tena. Msichana alikuja mezani kwangu akiwa karibu na kulia.

"Shangazi, nimeweka kama ilivyoandikwa."

Udongo wa bondeni ukilowa na mvua unakuja na maji yake, na mume wangu alikuwa akipunguza: kikombe cha tatu hakujaza, alikiacha pungufu upana wa kidole. Nilikuwa nimewaambia vikombe vitatu. Hiki sikuwa nimesema, na hakuna aliyeuliza. Nilimtazama yule msichana. Ningeweza kunyanyuka, kwenda kwenye pipa, kumwambia asogee, nikaweka mwenyewe, nikampa mgongo. Kila mvua ningeitwa.

"Kaa hapa," nilimwambia. "Kwanza unajaza. Pili unajaza. Tatu, acha upana wa kidole." Nilihesabu kwa sauti.

Akaenda kumwambia msimamizi, msimamizi akakadiria upana huo wa kidole ni kiasi gani, akaongeza mstari kwenye karatasi: *Wakati wa mvua*. Nilifuta mishono miwili mitatu zaidi. Kwangu kazi ya umiminaji iliisha pale, kama saa nne asubuhi, ingawa niliendelea kwenda karakana miaka miwili tena.

Baadaye mashine yenyewe ikaondoka. Vikombe vya kutoka nje vilikuja maduka yote ya barabarani, vya udongo mweupe kuliko wetu, vyenye maua, kwa bei ambayo mwenye karakana alisema haitoshi hata mafuta ya jenereta. Huko vinakotengenezwa nasikia mashine zinahudumiwa na mashine. Wamiminaji wa hapa wanaulizana kama kazi itarudi. Wananiuliza mimi, kwa sababu nilikaa karibu nayo. Nawaambia sidhani. Mama wa mstari wa buluu alipata miaka miwili ya mshahara ambayo asingeipata, nami pia, na hayo ndiyo ninayoweza kuonyesha. Karatasi ilibaki ukutani. Walipopakia mashine kwenye lori hakuna aliyeibandua.

Kaburini nilikwenda Ijumaa iliyofuata baada ya siku ile ya kwanza karakana, siku ambayo wifi alikuwa anarudi Maparoni. Alitaka kumuaga kaka yake. Tulisoma, yeye akaenda kungojea kivulini na mizigo.

Nilichuchumaa. Kikombe kilikuwa na vumbi na jani moja kavu. Nilitoa jani. Kwenye tundu palikwama punje moja ya mchele, imevimba. Nilifuta vumbi kwa ncha ya kanga, nikaanzia mdomoni nikashuka ubavuni, na kidole kikapita juu ya mshono. Ulikuwa pale pale, umesimama kama uzi, tangu tanuru ya kwanza. Miaka yote kile kikombe kilikaa mfukoni mwake na sikuwahi kukishika.

Nikaukwangua kwa ukucha. Udongo ukishapikwa hauondoki kwa ukucha, na ule ulikuwa umepikwa mara mbili. Hilo nalijua kuliko watu wengi.

"Wifi!" aliita yule. "Lori halinisubiri mimi!"

"Nakuja," nilisema, nikaendelea kukwangua kidogo.